Kwa Nini Katuni ya Utotoni Haifanani na Ile Unayoikumbuka

Chukua sehemu yoyote ya Scooby-Doo ya mwaka 1969, itazame ukiwa mtu mzima, na baada ya dakika chache utajikuta unajua mambo kabla hayajatokea. Vijana wale wanne na mbwa wao wanaingia kwenye maktaba ya jumba kuukuu. Ukutani kuna rafu ya vitabu, vyote vimefifia, isipokuwa kimoja ambacho rangi yake imekolea na kingo zake zimezungushiwa mstari mweusi. Hicho ndicho kitakachoguswa, na ukuta utafunguka. Ulipokuwa na miaka saba hukukiona. Sasa hata ukijitahidi usikione, utakiona.

Sababu iko kwenye namna katuni hizo zilivyotengenezwa. Mandhari ya nyuma ilipakwa rangi mara moja tu, kwa brashi, kwenye karatasi nzito. Kila kilichotakiwa kusogea kilichorwa kwenye karatasi angavu ya plastiki: mstari ulipigwa kwa wino upande wa mbele, rangi bapa ikapakwa upande wa nyuma, kisha plastiki ikalazwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Rangi zilikuwa za aina mbili, zimepakwa na watu tofauti juu ya vitu viwili tofauti, kwa hiyo hazikulingana hata pale wachoraji walipotaka zilingane. Jiwe litakaloporomoka, mlango utakaofunguliwa na ubao wa sakafu utakaovunjika, vyote vilijitangaza mapema.

Nimeanza na kitabu hicho kwa sababu wanaorudia katuni walizokua nazo hufika upesi kwenye moja ya hukumu mbili: ama "kumbe zilikuwa mbovu hivi", ama "nimezeeka, utamu umenitoka". Zote mbili ni za kukurupuka. Tofauti kati ya katuni iliyo kichwani mwako na iliyo mbele ya macho yako ina vyanzo vingi. Kimoja kiko kwenye vitabu vya hesabu vya studio, kingine kwenye nakala unayotazama, kingine kwenye jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, na ni sehemu ndogo tu inayotokana na umri wako. Vikikorogwa pamoja, mtu huona jambo moja tu, kwamba amekua, na anahuzunika bure.

Hesabu ya picha 10,080

Filamu hupita kwenye mashine kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Filamu fupi ya dakika 7, basi, ina picha 10,080. Hata mchoro mmoja ukishikiliwa kwa picha mbili, kama ilivyokuwa desturi, bado inabaki michoro zaidi ya 5,000, na hapo ni kana kwamba kuna mhusika mmoja tu kwenye skrini.

Tom and Jerry za William Hanna na Joseph Barbera, zilizotengenezwa katika studio ya MGM kati ya 1940 na 1958, ziligharimiwa kwa hesabu hiyo. Zilikuwa 114, na 7 kati yake zilipata Oscar. Wala hazikuwa vipindi vya watoto. Zilikuwa filamu za sinema, zikioneshwa pamoja na filamu kubwa, mbele ya ukumbi ambao watu wazima walikuwa wamelipa kiingilio. Mtunzi wa muziki Scott Bradley aliandika okestra iliyofuata kila hatua ya paka na panya, na katika filamu moja ya 1944 alitumia mbinu ya noti 12 ya Arnold Schoenberg, muziki ambao watu wengi wasingeuvumilia kwa dakika tano kwenye ukumbi wa tamasha. Kwa sababu kulikuwa na panya aliyejivika kichwa cha mbwa akitembea kwa mikogo, hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1957 MGM ilifunga idara yake ya katuni, na Hanna na Barbera wakafungua kampuni yao kuingia televisheni. Televisheni ilitaka nusu saa kila wiki, kwa sehemu ndogo sana ya fedha walizozoea. Nusu saa ukitoa matangazo ya biashara ni kama dakika 22, yaani picha 31,680. Haikuwezekana kuchora hivyo kila wiki, kwa hiyo hawakuchora hivyo. Kiwiliwili kilisimama tuli, mdomo ukasogea. Dubu Yogi alivalishwa kola na tai, na haikuwa kwa ajili ya urembo: kola ilificha mahali kichwa kinapoungana na mwili, hivyo kichwa kilichorwa upya huku mwili ukibaki kwenye plastiki yake ya mwanzo. Ukishajua hilo, utaanza kuhesabu kola na tai katika katuni za kampuni hiyo, na hutamaliza. Fred Flintstone akikimbia ndani ya nyumba yake hupita dirisha lile lile na taa ile ile tena na tena, kana kwamba sebule yake ina urefu wa uwanja wa ndege. Na kwa kuwa mdomo ni rahisi kuchora kuliko miguu, katuni zikaanza kuongea sana. Zile za sinema zilikuwa zikikimbia. Hizi ziliketi zikapiga soga, na kicheko cha watu wasioonekana kikawekwa ili mtazamaji ajue pa kucheka.

Sasa mtoto aliyekaa mbele ya televisheni miaka ishirini au thelathini baadaye alipewa vyote kwa pamoja, bila tarehe. Filamu ya sinema ya 1947 ilifuatwa na kipindi cha televisheni cha 1962, kisha kingine cha 1985, vyote vikiitwa "katuni". Mtu mzima anayerudi na kushangaa kuwa baadhi bado zinameremeta na nyingine zinachosha hajakosa uaminifu kwa utoto wake. Anaziona bajeti.

Tom and Jerry ipi?

Jambo hili ni gumu zaidi pale jina moja linapobeba kazi za watu ambao hawakuwahi hata kuketi meza moja. Wengi wana kumbukumbu kwamba Tom and Jerry siku nyingine ilikuwa ya ajabu ajabu: sauti zenye mwangwi, mikono na miguu ikirushwa kwa kushtua, Tom akiwa na bwana mnene mwenye hasira za kutisha. Huo si uzushi wa kichwa chako. Baada ya kufunga idara yake, MGM iliagiza filamu 13 kutoka kwa Gene Deitch, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Prague, wakati huo mji mkuu wa Chekoslovakia ya kikomunisti. Zilitoka 1961 na 1962. Bajeti ilikuwa ndogo, wachoraji wa Kicheki walikuwa hawajakulia na paka huyu, na kwa sababu ya siasa za wakati ule baadhi ya majina yao yaliandikwa kwa sura ya Kiingereza mwishoni mwa filamu.

Kisha akaja Chuck Jones, aliyetengeneza filamu 34 kati ya 1963 na 1967. Huyu ndiye aliyempa Tom nyusi nene na uso wa mtu anayewaza. Ni nzuri kwa macho, lakini kwangu zimepoa. Jones alipenda mhusika anayefikiri, na Tom ni paka wa kugongwa.

Na mwaka 1975 Hanna na Barbera wenyewe walimrudisha paka na panya kwenye televisheni wakiwa marafiki, Jerry amefungwa tai ya kipepeo shingoni, wakisafiri pamoja kama wajumbe wa mkutano wa amani. Mtoto aliyekumbana na toleo hilo alidhani kuna aliyeumwa. Chanzo ni kampeni dhidi ya ukatili katika vipindi vya watoto Marekani, iliyopata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960. Peggy Charren na wenzake walianzisha kikundi cha Action for Children's Television mwaka 1968, na vituo vikaanza kuogopa kila kinyundo. Scooby-Doo yenyewe ni mtoto wa woga huo. Katuni za mashujaa wa kupigana ziliondolewa Jumamosi asubuhi, pakatakiwa kitu cha kutisha kisichodhuru, na ndiyo maana kila mzuka mwishoni huvuliwa kinyago na kugeuka mzee mwenye tamaa ya ardhi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nilipenda Tom and Jerry lakini nimeirudia haina ladha", swali la kwanza ni mwaka. Kama ni 1975, ladha haikuwepo tangu mwanzo.

Katuni iliyozaliwa dukani

Waliokua na katuni za miaka ya 1980 wana mshtuko wa namna nyingine: kugundua kwamba kipindi walichokipenda kilikuwa tangazo la biashara. Hilo ni kweli, ila kwa namna ya kupinda kidogo.

Mwaka 1969 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa imekemea katuni moja iliyojengwa juu ya magari ya kuchezea ya Hot Wheels, kwa hoja kwamba kipindi kizima kilikuwa tangazo. Chini ya mwenyekiti Mark Fowler upepo ukageuka, na mwaka 1984 FCC ikaondoa mipaka ya muda wa matangazo katika vipindi vya watoto. He-Man ilikuwa imeshatangulia mwaka mmoja, ikiendana na wanasesere wa kampuni ya vichezeo ya Mattel. Transformers ilifika 1984, ikibebwa na vichezeo ambavyo Hasbro ilivichukua kutoka kampuni ya Takara ya Japani. Mpaka sheria ya televisheni ya watoto ya 1990 ilipoweka kikomo cha dakika 10 na nusu za matangazo kwa saa mwishoni mwa wiki na dakika 12 siku za kazi, milango ilikuwa wazi.

Ukitazama tena ukijua hayo, mambo mengi yasiyoeleweka yanaeleweka. Kwa nini Transformers ina wahusika wengi hivyo, wengine wanatajwa jina kwa sauti kubwa, wanafanya jambo moja, na hawarudi? Kwa sababu kila mmoja alikuwa na boksi lake dukani. Kwa nini chui milia wa He-Man ni mkubwa kiasi cha kupandwa kama farasi? Kwa sababu Mattel ilikuwa na umbo la chui milia lililotengenezwa kwa ajili ya mwanasesere mwingine mrefu zaidi. Likapakwa rangi ya kijani, likatiwa tandiko, likaingizwa kwenye seti mpya. Waandishi ndio waliolazimika kumtafutia tabia, wakampa woga.

Na filamu ya Transformers ya 1986, ile iliyowaliza watoto kumbini kwa kumuua Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema? Waandishi waliambiwa waondoe bidhaa za zamani ili mpya ziingie. Watu wazima wa kampuni waliona orodha ya mauzo. Watoto waliona baba anakufa. Kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Optimus alifufuliwa mwaka uliofuata.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema yote yalikuwa ulaghai. Agizo lilikuwa la kibiashara, lakini aliyekalia kiti cha kuandika alikuwa mwandishi kijana anayetaka kuandika kitu. J. Michael Straczynski na Paul Dini, waliokuja kuheshimika sana baadaye, wote walipitia He-Man. Kwa kuwa kampuni ya vichezeo haikujali sana hadithi ilimradi wahusika waonekane, waliachiwa upenyo. Sehemu chache katika kila mfululizo zina moyo wa kweli, na mtu mzima huzitambua upesi kuliko mtoto.

Kuna namba nyingine inayoficha mengi: 65. Vituo vya televisheni vya Marekani vilipenda kununua mfululizo unaotosha kurushwa siku tano kwa wiki kwa wiki 13, na 5 mara 13 ni 65. Ndiyo maana He-Man ina misimu miwili ya sehemu 65 kila mmoja. Ndiyo maana pia Robotech ya 1985 ikawa kitu cha ajabu. Mtayarishaji Carl Macek alikuwa na mfululizo wa Macross kutoka Japani, lakini ilikuwa na sehemu 36 tu, hazikufika idadi. Akaunganisha mifululizo mitatu isiyohusiana, akaandika mazungumzo mapya yaliyowafanya wahusika wa mmoja kuwa watoto wa wahusika wa mwingine, akapata sehemu 85. Kama ulikuwa mtoto ukajiuliza kwa nini hadithi iliruka kizazi kizima na nyuso zikabadilika, hukulala usingizi katikati. Mshono ulikuwepo, na ulipita machoni pako.

Nakala iliyo mbele yako

Watu husahau kabisa kwamba wanachokitazama sasa huenda si kitu kile kile walichokitazama, hata kama jina na mwaka vinalingana.

Anza na kasi. Nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL zilirusha picha 25 kwa sekunde. Filamu ya picha 24 haikuingia sawasawa, basi ilikimbizwa kidogo, asilimia 4 hivi. Sehemu ya dakika 22 ikawa dakika 21 na sekunde chache, na sauti zote zikapanda, chini kidogo ya nusu toni. Nchi zilizotumia NTSC zilifanya hila nyingine ya kurudia picha, kwa hiyo kasi haikubadilika. Matokeo yake ni kwamba watu wawili waliokulia mabara tofauti wanakumbuka wimbo wa utambulisho wa katuni moja kwa sauti mbili. Mmoja akiisikia leo kwenye nakala iliyorekebishwa, anaapa kuwa imepunguzwa kasi na kuzembeshwa. Masikio yake hayamdanganyi. Wimbo aliokua nao ulikuwa wa juu kweli.

Umbo la skrini ni balaa jingine. Katuni za televisheni za karne iliyopita zilichorwa kwa umbo la 4 kwa 3, na skrini za leo ni 16 kwa 9. Ukitaka kuijaza skrini bila kuivuta picha, unakata juu na chini, na kinachopotea ni robo nzima ya picha. Disney+ ilipoanza mwishoni mwa 2019 iliweka The Simpsons za zamani zikiwa zimekatwa hivyo. Katika sehemu moja ya 1993 kuna kiwanda chenye mapipa ya bia za aina tatu tofauti, na kichekesho chote ni bomba moja juu linaloyajaza yote matatu. Kwenye nakala iliyokatwa bomba halikuonekana. Yalibaki mapipa matatu tu, na mtazamaji mpya asielewe kwa nini watu walicheka. Malalamiko yalisikika, na mwaka 2020 umbo la awali likarudishwa kama chaguo. Tom and Jerry za mwisho za MGM zilipata mkasa wa kinyume: tangu 1954 kadhaa zilichorwa kwa skrini pana ya CinemaScope, zikafika kwenye televisheni za zamani zikiwa zimepunguzwa pembeni.

Hata usafi una gharama. Programu za kuondoa madoa na mikwaruzo kwenye filamu, zikiachiwa bila uangalizi, huona mstari wa wino unaosogea kwa kasi kama uchafu na kuufuta. Baadhi ya DVD za katuni za zamani ziliharibiwa hivyo. Simamisha picha katikati ya mbio utaona mguu usio na ukingo.

Kuhusu tafsiri nitasema kwa kifupi tu, kwa sababu mifano haina mwisho. Mfululizo wa Kijapani wa 1981 ambamo rubani mmoja anauawa uligeuka Voltron ya 1984, na rubani huyo akapelekwa hospitali. Katika Sailor Moon kuna wasichana wawili wapenzi. Toleo la Kiingereza lililotoka mwaka 2000 liliwafanya binamu, jambo lililozidisha maswali badala ya kuyapunguza. Mtoto aliyetazama toleo moja na mtu mzima anayerudi kwenye jingine hawajatazama hadithi moja.

Halafu kuna mabadiliko yaliyofanywa kwa aibu. Katika Tom and Jerry za miaka ya 1940 kuna mwanamke mweusi anayefanya kazi za nyumbani, ambaye tunaona miguu, sketi na kandambili zake tu, akiongea kwa lafudhi iliyokusudiwa kuchekesha. Sauti yake ya kwanza ilikuwa ya mwigizaji Lillian Randolph. Filamu hizo zilipopelekwa televisheni miaka ya 1960, baadhi ya mandhari zilichorwa upya awe mwanamke mzungu mwenye sauti nyingine. Baadaye zilitokea nakala ambazo picha yake ya mwanzo imebaki lakini sauti imerekodiwa upya na Thea Vidale, bila ile lafudhi. Watu watatu wanaweza kubishana kuhusu sehemu moja, kila mmoja ameona mtu tofauti, na wote watatu wakawa wakweli. Vichekesho vya mlipuko unaomwachia mhusika uso mweusi na midomo minene vilikatwa na vituo vingi, ndiyo maana mtu anaporudi kwenye nakala kamili hudhani ni vipya. Mwaka 1968 filamu 11 za Warner Bros. ziliondolewa kabisa kwenye televisheni kwa sababu ubaguzi ulikuwa ndio uti wa mgongo wake. Ukiutoa habaki mtu.

Kama niko huru kusema ninavyopendelea, nachagua nakala kamili yenye onyo mwanzoni kuliko nakala iliyofutwa kimya kimya. Iliyofutwa inamwachia mtoto wa jana imani kwamba hakuna kilichokuwepo.

Kichwa cha mtoto, kichwa cha mkubwa

Tuseme nakala ni sahihi, kasi ni sahihi, mwaka ni ule ule. Bado haitafanana.

Frederic Bartlett wa Cambridge alionesha jambo hili kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1932. Aliwapa watu wasome hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, ngeni kwao, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda mfupi na baada ya muda mrefu. Kila walivyorudia, hadithi ilifupika, mambo yasiyoeleweka yakaanguka, na vitu vigeni vikawa vya kawaida: mitumbwi ikawa boti. Hawakuwa wakidanganya. Kumbukumbu hubeba kiini cha jambo na hisia yake, na mengine huyajenga upya kila inapoitwa. Katuni uliyoitazama mara nyingi ukiwa mdogo haimo kichwani kama sehemu 65. Imo kama sehemu moja bora ambayo haijawahi kurushwa, iliyounganishwa na wimbo, uso wa mwovu, na mapigano mawili matatu mazuri. Ndiyo unayoilinganisha na sehemu ya 41, ambayo siku ilipotoka pengine ulikuwa unafunga kamba za viatu.

Zaidi ya hayo, ulipokuwa mdogo hukutazama hadithi kwa namna unayotazama sasa. Utafiti wa W. Andrew Collins miaka ya 1970 ulionesha kwamba watoto wadogo hushindwa kuunganisha nia ya mhusika na matokeo ya kitendo chake pale vinapotenganishwa na matangazo. Wakubwa zaidi waliviunganisha bila shida. Mtoto huona vitendo kama shanga zisizo na uzi. Kwa hiyo njama mbovu haikumsumbua, maana hakuifuata. Alifuata rangi, kelele, mbio na nani yuko upande wetu. Na kabla ya miaka saba au nane, watoto wengi hawajajua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi, jambo linaloeleza kwa nini hakuna aliyeshuku boksi la Optimus Prime.

Upande wa pili wa sarafu hii ndio unaofurahisha. Kuna vitu vilivyowekwa mle kwa ajili ya watu wazima, vikakaa vinakungoja. Bugs Bunny anavyoegemea, akitafuna karoti huku akiongea kwa kasi mdomo umejaa, aliigwa kutoka kwa mwigizaji Clark Gable katika filamu ya 1934. Watazamaji wa sinema wa 1940 waliijua filamu hiyo na kucheka mara moja. Vizazi vilivyofuata havikumjua Gable, vikahitimisha kwamba sungura hula karoti, na sungura wa kufugwa mpaka leo wanalishwa sukari nyingi kuliko inavyowafaa kwa sababu ya kichekesho kilichosahaulika.

What's Opera, Doc? ya 1957, ya Bugs Bunny huyo huyo, ni mfano mkubwa zaidi. Chuck Jones alibana opera za mtunzi wa Kijerumani Wagner katika filamu isiyofika dakika 7, na kwa kuwa kazi ilihitaji wiki nyingi kuliko walizoruhusiwa, timu yake ilijaza saa za ziada kwenye karatasi za mahudhurio kana kwamba wanachora filamu ya Road Runner. Mtoto anaona sungura aliyevaa wigi na mwindaji mwenye kofia ya pembe. Mkubwa anaona studio nzima ikiiba muda wa bosi ili itengeneze kitu kizuri, na vivuli vikubwa vya ajabu kwenye miamba, na mwisho ambao kwa mara moja mwindaji anashinda na kujuta.

Huruma nayo huhama. SpongeBob ya 1999 ni ya Stephen Hillenburg, aliyewahi kufundisha elimu ya viumbe wa baharini. Mtoto yuko na SpongeBob moja kwa moja. Squidward, pweza mwenye viungo sita tu, miguu minne na mikono miwili, kwa sababu vinane vingekuwa kazi nyingi kuchora, ni yule jirani mnuna anayeharibu furaha. Ukirudi na umeshaajiriwa, unamwona mtu anayefanya kazi asiyoipenda, anayetaka saa moja ya kupuliza klarineti yake kimya, na ukuta wa pili kuna wawili wanaopiga kelele saa mbili asubuhi. Kipindi hakijabadilika hata mstari mmoja. Wewe umepata jirani.

Namna ya kuzirudia

Kosa la wengi ni kuzitazama kwa mfululizo. Majukwaa ya leo yanasukuma sehemu inayofuata kabla jina la mchoraji halijapita. Katuni za kila siku zilitungwa kwa mtoto ambaye Jumanne alikuwepo, Jumatano alitumwa, Alhamisi umeme ulikatika. Kwa hiyo kila sehemu ilijieleza upya, ilirudia jina la kila mtu, ilitumia mageuzi yale yale ya shujaa kuinua upanga, na mwisho ikarudisha kila kitu mahali pake. Sehemu moja ukiipata baada ya siku mbili, marudio hayo ni faraja. Nne kwa mkupuo ni adhabu, na lawama si za He-Man.

Tafuta kwanza za sinema, za miaka ya 1940 na 1950. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya macho yako ya sasa. Katika zile zilizozaliwa dukani, tafuta sehemu kwa jina la mwandishi badala ya kuanza namba moja. Batman ya 1992, ambayo mandhari yake yalipakwa juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, inavumilia kutazamwa karibu yote, na sehemu ya Paul Dini kuhusu mwovu Mr. Freeze ndiyo ya kuanzia. Angalia kama picha imejaza skrini pana; ikiwa imejaa na katuni ni ya zamani, kuna vichwa vilivyokatwa, tafuta chaguo la umbo la awali. Wimbo wa utambulisho usiuruke. Mara nyingi sekunde sitini hizo zilipewa michoro bora kuliko sehemu nzima inayofuata. Scooby-Doo, moja kwa jioni inatosha, na ukiwa na mtoto pembeni usimwambie kuhusu kitabu chenye rangi iliyokolea.